Tulipomfuata Mama Nyuma ya Milima

Simu ya shemeji ilinikuta kwenye cherehani, Tukuyu mjini. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nililazimika kutoka nje, nikasimama upenuni na kuziba sikio moja kwa kidole. Yeye alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, na huko kwao upepo ulikuwa unavuma. Nilipata maneno machache tu. Mguu wa mama. Kidonda. Hakifungi, na sasa kinanuka. Halafu simu ikakatika, na kila nilipompigia hakupatikana.

Mama alikuwa anaishi kwa shemeji huyo. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliolewa na Mkinga, mkulima wa viazi, katika bonde lililo nyuma ya uwanda wa Kitulo, upande wa Makete. Alifariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mama alikwenda msibani na khanga mbili na sweta, sote tukijua kwamba matanga yakiisha atarudi Kawetele kwenye migomba yake. Hakurudi. Alisema mtoto amwache na nani? Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Kwetu Wanyakyusa, mama mkwe kuhamia nyumbani kwa mkwewe ni jambo linalowafanya watu wakohoe ukipita, na pale Kawetele walikohoa sana. Mama hakuwasikia. Alikuwa mbali mno.

Jioni hiyo nilikwenda kwa kaka. Yeye ndiye mkubwa wetu, mtu mnene, mpole, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha chai, upande wa kukaushia majani, hata nguo zake za kanisani zina ile harufu. Nilipomweleza akauliza, "Barabara ikoje?"

Barabara ilikuwa mbaya kila upande. Ile inayopanda uwandani kutoka kwetu ilikuwa imeporomoka, magari hayapiti, bodaboda nazo zinaishia chini. Kuzunguka kwa Njombe pia hakukusaidia, kwa sababu daraja lililo chini ya bonde lao lilikuwa limesombwa na maji, na hakuna aliyethubutu kuuvuka mto ule kwa miguu. Ndiyo maana shemeji mwenyewe alikuwa ameshindwa kumfikisha hospitali.

"Tutapita juu," kaka akasema.

Njia ya juu ni ile ya wachuuzi wa zamani, waliokuwa wakishusha viazi na pareto na kupandisha ndizi na mchele kabla gari halijafika huko. Marehemu baba aliwahi kumpitisha kaka humo akiwa kijana, mara moja tu. Mimi sikuwahi.

"Na magoti yako?" nikamuuliza.

"Wewe andaa chakula."

Mpango wake ulikuwa hivi: tuvuke msitu, tuvuke uwanda, tushuke bondeni, tuombe wanaume wa huko watusaidie kumbeba mama kwa machela hadi uwandani. Pale kuna shamba la mifugo lenye trekta. Trekta ingemvusha kwenye maporomoko hadi barabara ilipo nzima. Ulipousikia ukiwa umeketi kwenye kochi lake, pana chai mezani, ulikuwa mpango mzuri.

Tulipanda bodaboda kupita Suma, vijana wakatushusha kwenye nyumba za mwisho, mahali ambapo tope liliwashinda. Kutoka hapo tukaingia msituni. Nilikuwa nimevaa buti za mvua za mume wangu, zimejazwa soksi, na mgongoni nina ndizi za kuchemsha, karanga, chupa ya chai, na dawa na bandeji nilizonunua duka la dawa. Njia ilikuwa mfereji wa maji. Ilipoishia miti mikubwa ilianza mianzi, na mianzi yenyewe imelala kwa uzito wa mvua, ikabidi tupite tumeinama kama watu wanaoingia kwenye banda la kuku. Kaka alikuwa akishika goti lake la kulia kwa mikono miwili na kulipandisha penye vipandio virefu, kisha mwili unalifuata. Sikumwambia kitu. Alikuwa amenikataza kwa macho.

Usiku ule tulilala ukingoni mwa msitu, kwenye kibanda cha mkulima wa viazi ambaye hakuuliza maswali mengi. Tulipomtajia bonde tunakokwenda alisema tu, "Na mvua hizi?" akaongeza kuni.

Uwandani ndiko nilikoanza kuogopa. Watu huusifia uwanda ule kwa maua, na ni kweli, lakini sisi hatukuona ua hata moja. Tuliona majani hadi magotini, na baada ya majani ukungu. Ulikuja kutoka nyuma, bila upepo, na ndani ya muda mfupi kaka aliyekuwa mbele yangu akawa kivuli, halafu sauti. Nikamwambia asimame. Tukashikana mikono kama watoto wanaotoka shule, tukaendelea kufuata kijia cha ng'ombe, kijia kikagawanyika, kikagawanyika tena, kisha hakikuwepo. Tulipokuta maganda ya ndizi zetu wenyewe kando ya jiwe ambapo tulikuwa tumepumzika, kaka alikaa chini.

"Baba alipita kushoto," alisema. "Nakumbuka kulikuwa na kijito, akapita kushoto."

"Kijito kipi?"

Vijito vilikuwa kila mahali. Tulikaa pale tumejifunika turubai moja, tukila karanga ili meno yapate kazi nyingine zaidi ya kugongana. Sikuwa nimewahi kumwona kaka hajui la kufanya. Kwenye kila msiba wa kwetu yeye ndiye aliyekuwa akijua nani aende kwa mchungaji na nani atafute mchanga wa kujengea kaburi. Sasa aliniangalia mimi, nami nikaangalia pembeni, kwa sababu sikuwa na kitu cha kumpa.

Ukungu uliponyanyuka kidogo tulisikia ng'ombe. Tukafuata milio hadi kwenye nyumba za wafanyakazi wa lile shamba. Mke wa mchunga ng'ombe mmoja alitupa maziwa ya moto na kutuwekea magunia tulale jikoni. Trekta tuliiona. Mwenye kuiendesha alisema kama tutamleta mgonjwa hadi hapo, yeye atampeleka bila shida. Tulimshukuru kama vile ameshampeleka.

Kesho yake tulivuka kilango, yaani ile shingo kati ya vilele viwili ambapo uwanda unaisha na bonde lao linaanza. Juu pale hapana mti wala nyumba, ni mawe na majani mafupi na upepo usiopumzika. Tukashuka kutwa nzima kwa njia inayojipinda, magoti ya kaka yakilia kweli kweli, mimi nikayasikia. Jua lilikuwa linaondoka tulipofika kwa shemeji.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anamenya viazi. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake ameshika bega lake. Mama alitutazama, akaweka kisu chini.

"Mugonile," alitusalimu Kinyakyusa, kana kwamba tumetoka nyumba ya pili. "Mmekuja na mvua yote hii?"

Alikuwa amepungua. Shavu lilikuwa limeingia ndani, na shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola ya sweta ile ile. Mguu alikuwa ameufunika kwa khanga, na nilipochuchumaa kuufunua alinishika mkono, akauachia. Sitaeleza yote niliyoyaona. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na kidonda kilikuwa kimepanda hadi juu ya kifundo. Mganga wa zahanati ya kijiji alikuwa anamsafisha na kumpa vidonge, na alikwisha kumwambia shemeji kwamba ni sukari, na kwamba kwake hakuna zaidi ya hapo. Niliufunga tena mguu ule kwa bandeji mpya, vizuri, kama mtu anayefunga zawadi. Sikujua la kufanya zaidi.

Tulipomaliza kula kaka alisema, "Mama, tumekuja kukuchukua."

"Na huyu?" Mama alimwonyesha mtoto kwa kidevu.

Kaka alimtazama shemeji. Shemeji alitazama moto. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi na udongo. Mahari aliimaliza yote, hakuna aliyemdai kitu, na mtoto yule ndiye peke yake aliyebaki kutoka katika ndoa yake.

"Mtoto ni wa baba yake," kaka alisema taratibu.

"Basi na mimi ni wa mtoto," mama akajibu.

"Mama, mguu unaoza."

"Nauona. Ni mimi ninayelala nao."

Kisha akamgeukia shemeji na kumwambia kwa Kiswahili chake cha kwetu, kile kisichojua herufi ya ze, "Mkwe wangu, usiwasikilise hawa. Wamechoka, walale."

Tulilala. Kesho yake ilinyesha tangu asubuhi. Tukamsihi mama, mimi kwa maneno na kaka kwa kukaa karibu naye bila kusema. Aliendelea kumenya viazi. Mtoto alikuwa haniamini. Nikimwita anajificha kwenye khanga ya bibi yake, ananichungulia kwa jicho moja, na jicho lile lilikuwa la mdogo wangu hasa.

Shemeji alirudi kutoka shambani mchana, amelowa, akasimama mbele yetu.

"Mchukueni na mtoto," alisema. "Mama akipona, watarudi wote."

Hakuna aliyemuuliza asipopona itakuwaje. Alikwenda nyuma ya nyumba akakata mianzi miwili minene, nami nikashona blanketi kuizunguka kwa shazia na uzi wa magunia, nikarudia mshono mara mbili. Hiyo ndiyo kazi niliyoiweza katika safari nzima. Mama alitutazama tukifanya, na sijui kama alikubali au alichoka kukataa. Jioni alimfulia mtoto nguo na kuzining'iniza juu ya moto.

Kesho yake majirani walikuja kabla mvua haijaanza, wanaume wazima wenye makoti mazito, wakamsalimia mama kwa Kikinga, "Kamwene," wakamnyanyua. Mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wote akasema, "Huyu mama si mzito." Alisema ili kututia moyo. Mimi ndipo niliposhikwa na hofu, kwa sababu nilimkumbuka mama akitembea na mkungu mzima wa ndizi kichwani huku anapiga soga.

Walipokezana. Wanne wakibeba, wengine wanapumzika kwa kutembea. Shemeji hakutaka kupokewa. Mtoto nilimbeba mgongoni, ndani ya khanga na blanketi, na mwanzoni alilia akimwita bibi, na bibi akawa anaitika kutoka kwenye machela, kila mara, "Niko hapa." Tulipanda hivyo. Kaka alikuwa nyuma, anasukuma ncha za mianzi penye mwinuko mkali, na mara kwa mara alinitazama kama mtu anayetaka kusema tunaweza.

Tulikuwa tumekwisha kukiona kilango mbele yetu mvua ya mawe ilipoanza.

Ilikuja na upepo wa uso kwa uso. Mawe ya barafu yalikuwa madogo, lakini yalikuwa mengi, na yalipiga kama mtu anayekurushia changarawe kwa makusudi. Waliobeba waliendelea mbele hatua chache, kisha mmoja akateleza, machela ikainama, mama akashika mwanzi. Wakaiweka chini. Wakachuchumaa kuizunguka na kutandaza turubai juu yake, wakishikilia pembe kwa magoti. Majani yote yaligeuka meupe.

Mtoto alikuwa analia. Kisha akanyamaza, na nilishukuru kwamba amenyamaza, kabla sijaelewa. Nilipenyeza mkono nyuma nikashika nyayo zake. Zilikuwa kama mawe yale. Nikamshusha, nikamwingiza kifuani ndani ya sweta. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na macho yanafumba.

"Twende mbele," kaka alisema kwa sauti ya juu ili asikike. "Uwandani ni hapo tu."

Yule mkubwa wao akatikisa kichwa. "Hapo unapaona. Lakini ukivuka hapo hakuna nyumba mpaka jioni. Nyuma kuna nyumba."

"Mguu wake hautangoja."

"Najua, ndugu yangu."

Kaka alikwenda kwenye ncha ya machela, akainama, akashika mianzi miwili akainyanyua peke yake. Mama alipanda juu upande mmoja. Kaka alisogea hatua moja, goti likamwacha, akaketi. Aliketi pale kwenye barafu, mikono bado imeshika mianzi, na hakuna aliyekwenda kumwinua. Sijui kwa nini hatukwenda. Nadhani kila mmoja wetu aliona angemwongezea aibu.

Sauti ya mama ilitoka chini ya turubai. "Mtoto mbona kimya?"

Nikasema ana baridi.

"Baridi ya namna gani?"

Sikujibu upesi, na mama alijua maana yake. "Nirudisheni," alisema.

"Mama," kaka akasema.

"Mguu huu nimeutembelea vya kutosha. Nirudisheni, mtoto apate moto."

Tukageuka. Kushuka kulikuwa kwepesi kwao na kugumu kwangu, kwa kuwa kila baada ya muda nilikuwa naingiza mkono ndani ya sweta kutafuta pumzi yake. Nyumba ya kwanza tuliyoifikia ilikuwa ya kikongwe mmoja aliyekuwa na moto na maziwa ya kondoo. Alimvua mtoto nguo, akamkandakanda kwa mikono, akampa maziwa kwa kijiko. Mtoto alifumbua macho na kuuliza bibi yuko wapi. Shemeji alitoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama kwenye matone ya paa, ametupa mgongo.

Tulikaa bondeni siku kadhaa tukingoja mvua ikatike. Haikukatika. Majirani walikuwa na mashamba yao, viazi vyao vilikuwa vinaoza ardhini, na kuwaomba tena kulikuwa kugumu. Ruhusa ya kaka kiwandani ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimeacha watoto na baba yao asiyejua hata sukari inakaa wapi. Nilikuwa namsafisha mama asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Harufu haikupungua. Yeye alikuwa ananisimulia habari za mtoto, jinsi anavyosema maneno ya Kikinga na ya Kinyakyusa katika sentensi moja, anacheka, na mimi nacheka huku nakunja bandeji chafu.

Tulipoaga alitusindikiza kwa macho kutoka kwenye kigoda. "Migomba mwambieni jirani avune, asiogope," alisema. Kisha akasema, "Ndaga fijo kwa kuja." Alitushukuru sana, kwa heshima, kama unavyomshukuru mgeni aliyetoka mbali. Kaka alivua kofia akashindwa kuirudisha kichwani mpaka tulipovuka kijito.

Siku hiyo ndipo jua lilipotoka. Tulipofika kilangoni mbingu ilikuwa safi, uwanda wote uko wazi mbele yetu, na maua tuliyokuwa tumeyasikia yalikuwepo, ya manjano na ya zambarau, mpaka mwisho wa macho. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Kaka alisimama, akatua mzigo.

"Leo ndiyo linawaka," alisema.

"Turudi tukamchukue?"

Aligeuka kutazama bonde. Nyumba ya shemeji ilionekana, ndogo, na moshi wake. Tungeshuka hadi jioni, tungewatafuta watu wale upya, kesho tungepanda. Na kesho ingekuwaje? Tulikaa kwenye mawe tukizungumza hivyo, mara tunasimama kurudi, mara tunakaa. Tulikuwa bado hatujaamua mawingu yalipoanza kupanda kutoka bondeni, yakaifunika ile nyumba, yakaja hadi miguuni petu. Tukachukua mizigo tukashika njia ya nyumbani.

Daraja lilitengenezwa mvua zilipopungua. Shemeji alimpeleka mama hospitali upande wa kwao kwa gari la viazi, na wakamkata mguu chini ya goti. Sisi tulizunguka kwa Njombe tukamkuta kitandani, anamfundisha muuguzi salamu za Kinyakyusa. Mtoto alikuwa ameketi mahali ambapo mguu ungekuwa.

Anaishi huko hadi leo. Shemeji alimchongea magongo, kisha akaoa mwanamke mwingine, ambaye kwa bahati anamheshimu mama kuliko tulivyotarajia. Kaka kiwandani wamempa kazi ya getini kwa sababu ya goti. Barabara ya uwandani ilipofunguka miaka michache baadaye alikodi gari, akaenda nalo mpaka mlangoni, akarudi nalo tupu. Mama alimuuliza akija Kawetele, nani atamwamsha mtoto kwenda shule.

Mwezi uliopita shemeji alipiga simu nikiwa kwa kaka. Alizunguka sana, akaulizia mvua, akaulizia bei ya parachichi. Mwishowe akasema mama amemwonyesha mahali anapotaka kuzikwa siku yake ikifika, kando ya mdogo wangu, na amemwambia atujulishe mapema ili tusije tukagombana naye. Alisema hayo kwa kuomba radhi. Nikampa kaka simu, shemeji akamrudia neno kwa neno. Kwetu mzazi kuzikwa ugenini si jambo la kupitisha kwa simu, na kaka ndiye angetakiwa kulikataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja uso.

"Sawa," alisema, akanirudishia simu.